Mchana Niliouzima Mtambo

Mimi sina tabia ya kujishusha, na kwa habari ya siku ile ndiyo kabisa.

Katika chumba chetu cha kuongozea mtambo wa umeme wa gesi tuna desturi: anayewasha turbini husoma vipimo kwa sauti, na wengine wote hufunga midomo, mkuu wa zamu akiwemo. Mchana ule msomaji nilikuwa mimi, mara yangu ya kwanza. Nikifanya vizuri, nakabidhiwa kiti cha mwashaji. Nikiunguza mapanga yanayozunguka ndani ya turbini, kiti nakisahau, na Temeke inalala gizani. Mama yangu, anayeuza juisi na barafu Mtoni, hukohuko Temeke, alikuwa ananipigia simu tangu asubuhi kuulizia umeme.

"Kasi inapanda," nilisoma. "Presha ya oili nzuri. Gesi imefunguka. Moto umeshika."

Hapo ndipo wengi hushusha pumzi. Mimi sikushusha, maana moto ukishashika, joto na kasi hutakiwa kupanda pamoja. Joto lilikuwa linakimbia. Kasi imegoma palepale.

"Imeshawaka hiyo, sista, iache ipande!" aliropoka fundi mmoja nyuma yangu, desturi kaitupa huko.

Nikakata gesi. Sikumwuliza mtu.

Niliendelea kusoma joto likishuka mpaka vyuma vikapoa. Mkuu wa zamu alisubiri nimalize, ndipo akamgeukia yule fundi. "Wewe, kakague mota ya kuanzishia."

Mota ilikuwa imechoka, haisukumi tena turbini ipasavyo, na isipozunguka vya kutosha haivuti hewa ya kuipoza. Ningemsikiliza yule bwana, mapanga yangeungua.

Ikabadilishwa. Kabla ya magharibi nilisoma tena, joto na kasi vikapanda pamoja hadi mtambo ukatulia. Mkuu akavuta kile kiti mbele yangu. "Kaa, mwanangu." Nikakaa kama bibi harusi.

Mama akapiga. "Umerudi! Friji linaunguruma!"

"Shikamoo mama. Mie ndiye niliyeuwasha."

Nikamsikia akiwatangazia majirani. Aliporudi kwenye simu akauliza, "Na mchana? Si mlisema tungepata?"

"Mchana niliuzima mtambo. Ungeungua. Mie huyohuyo."

Akashusha sauti, majirani wasisikie. "Basi hilo tusiwaambie."

"Waambie hilo kwanza, mama," nikasema. "Kuwasha, hata yule aliyeropoka angewasha."