Kuku wa Mama na Karantini Yangu

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini Shinyanga, nikiwa na shahada ya historia, suti moja ya kijivu na baiskeli. Niliambiwa nisubiri barua ya kunipangia shule ya kufundisha. Barua haikuwa na haraka. Katika kuisubiri niliwahi kuwa mtaalamu wa mifugo kwa siku sita, bila kuombwa na mtu, na sasa nina umri wa kutosha kuzieleza siku hizo bila kuumia sana.

Kwetu ng'ombe walikuwa wa baba. Pamba nayo ilikuwa ya baba. Kuku walikuwa wa mama, wala hawakuwa kuku wa hivi hivi. Walikuwa kishingo, wale wenye shingo tupu nyekundu, kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mwenye haraka. Siku mama alipoolewa, bibi alimpa tetea na jogoo wa kuanzia nyumba, naye bibi alikuwa amepewa na mama yake vivyo hivyo. Dada yangu alikuwa aolewe baada ya mavuno na kijana aliyefanya kazi katika machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Nguo angenunuliwa, vyungu angevipata popote. Lakini kishingo wale, wakifa kwetu, ndio wamekwisha. Mama hakuwa na mahali pengine pa kuwatafuta.

Walianza kufa tulipokuwa tunavuna mtama. Asubuhi moja jogoo alisimama uani amefumba macho, mabawa yameshuka kama koti la kuazima. Jioni akafa. Kesho yake wakafuata matetea wawili, kinyesi kijani, wanahema midomo wazi. Mama aliwanywesha waliobaki maji ya shubiri mwitu, akasaga pilipili, akaongeza majivu. Tetea mmoja alipona kwa dawa hiyo. Mama mwenyewe alisema amepona. Kisha akafa, akiwa amepona.

"Mama, hapa anatakiwa mtaalamu," nikasema.

"Si wewe?"

"Mimi nimesoma historia."

"Ya nani?"

"Ya wafalme wa Ulaya."

"Na hao hawakufuga kuku?"

Nilimfunga yule tetea kwa gazeti, nikamweka kwenye keria ya baiskeli, nikaenda mjini kwa bwana mifugo. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimpasua kuku juu ya benchi nyuma ya ofisi, akaniita nisogee. Katika tumbo dogo lililo kabla ya firigisi palikuwa na vidoa vya damu, kana kwamba mtu amelichomachoma kwa sindano.

"Mdondo," akasema. "Vitabuni utakuta kideri."

"Dawa yake?"

"Hakuna. Anayekufa atakufa, anayepona atapona mwenyewe."

Akanipa masharti, nami nikayaandika. Wagonjwa wachinjwe wafukiwe shimo refu. Banda lifagiliwe, majani yachomwe. Asiingie kuku, asitoke kuku, mpaka miezi miwili ipite tangu kifo cha mwisho. Hali hiyo, alisema, inaitwa karantini. Nililipenda neno hilo tangu nilipolisikia, na njiani nilikuwa nalitamka peke yangu.

Mama alisikiliza masharti yote bila kunikatiza, heshima ambayo wafalme wa Ulaya hawakuwahi kuipata kwake. Mchana ule ule alichimba shimo. Akafagia, akachoma, akamwaga maji ya moto bandani. Halafu akaziba pengo la ua wetu wa minyaa kwa matawi ya miiba, wageni wakawa wanasalimiwa kutoka nje.

Angeachiwa mama peke yake, kisa kingeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Niliona haifai maarifa kama hayo yakae kwenye nyumba moja, nikapanda baiskeli nikaanza kuwazungukia watu. Nilianza na mjane ambaye ua wake ulipakana na wetu, nikaendelea nyumba kwa nyumba. Kila nilipofika niliomba nione kuku. Nilimshika mmoja, nikampanua mdomo, nikamwinua mkia, nikatikisa kichwa kama nilivyomwona bwana mifugo akifanya, nikamshika wa pili. Kisha nikasimama katikati ya uwanja na kutangaza: asiingie kuku, asitoke kuku. Watu walinisikiliza kwa adabu. Majirani walinipa karanga.

Siku ya sita nilivuka mto, nikaingia nyumba ambazo walinijua kwa sifa tu. Huko sikuwa jirani tena, nilikuwa mgeni, na mgeni aliyeleta neno jema hatoki mikono mitupu. Nilipomaliza hotuba katika nyumba ya kwanza, mwenye nyumba alimfukuza kuku uwanjani, akamkamata, akamfunga miguu kwa ugwe wa gome na kunikabidhi kwa mikono miwili. Ningefanyaje? Kumkataa ni kumwambia kuku wake hawafai, au yeye hafai. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya miiba niliporudi. Kuku watatu walining'inia kichwa chini kwenye usukani.

"Hao wametoka wapi?"

"Nimepewa."

"Kwa kazi gani?"

"Ya kuwaeleza watu wasitoe kuku."

Alijishika kiuno. Nilidhani atafoka. Alicheka mpaka akaketi chini. Dada akaja mbio kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akaketi.

"Warudishe," mama akasema alipopata pumzi.

"Nitawarudishaje, mayu? Watasema tumewadharau."

Hilo alilijua kuliko mimi. Kuingia hawawezi, kurudi hawawezi. Akafikiri kidogo, kisha akanipitishia juu ya miiba chungu, chumvi, kisu na kijinga cha moto. Nikaweka mafiga kando ya njia. Kwa siku mbili nilikaa pale na suruali yangu ya chuo kikuu, nikala kuku watatu peke yangu, na ugali ukiletwa kwa ungo kupitia juu ya ua. Wapita njia walisimama.

"Ng'wanone, mwanangu, umefukuzwa kwenu?"

"Hapana, baba. Ni karantini."

"Eee. Basi inanenepesha."

Wiki iliyofuata bwana mifugo alikuja kututembelea. Aliegesha baiskeli nje ya miiba na kujipiga vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Kuku wako wamebaki wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi, mama?"

"Wapo wa kutosha." Mama hakuwa mtu wa kuhesabu mifugo mbele ya mgeni, hata awe wa serikali.

Bwana mifugo aliandika kitu ambacho sikukiona. Halafu akasema mdondo umezuka kwa yule mjane jirani yetu, na katika nyumba nyingine mbili ng'ambo ya njia. "Nashangaa," akasema. "Nyumba zenyewe hazikupeana kuku. Kuna mtu amekuwa akizunguka huko?"

"Mimi," nikasema. Nakiri kwamba nililisema kwa majivuno.

"Uliwashika kuku?"

"Niliwakagua."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Ulikuwa ukinawa mikono? Viatu je?"

Alinitazama viatu, akatazama baiskeli, kisha akasema kwa upole wa watu wa kwao, "Kumbe ugonjwa ulikuwa na baiskeli."

Angenitukana ningepata nafuu. Nilijua majina ya vita vingi na sababu za kila kimoja, na sababu ya hiki ilikuwa imevaa viatu vyangu. Niliosha mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikavutika, nikavua viatu, nikaenda pekupeku kwa mjane. Alikuwa amepoteza kuku wote. Nilisimama nje ya ua wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Nikasimama. Nikamweleza yote, na kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza huku anapepeta mtama, hakuinua macho. Nilipomaliza, ungo ukatulia.

"Mwanangu," akasema, "wewe karibu siku yoyote. Elimu yako, ukija, iache barabarani."

Nilipomweleza mama, hakucheka safari hii. Alikwenda mpaka kwenye ua wa mjane, wakazungumza kwa Kisukuma, kila mmoja upande wake wa minyaa. Alimwahidi vifaranga wa kwanza watakaoanguliwa kwetu mambo yakishatulia. Kwa hiyo kuku wachache waliobaki wakawa na madai mawili: dada, na jirani ambaye mimi ndiye niliyemfilisi.

Nao kwa kweli walikuwa wachache. Kishingo walikuwa wawili tu, jogoo mmoja mchanga ambaye hakuugua kabisa, na tetea mmoja. Tetea huyo hakupaswa kuwapo. Aliugua pamoja na wenzake, na kwa masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu alitakiwa kuchinjwa. Mama alimficha nyuma ya kihenge, akamlisha uji kwa kidole, na sisi tukaamini amefukiwa. Alipona, lakini shingo ilibaki imepinda, uso ukitazama juu, kama mtu anayesubiri mvua. Bwana mifugo alipomwona safari yake ya mwisho, mama alianza kusema hili na lile. Yeye alichutama, akamkagua yule kuku pande zote bila kumshika.

"Huyu ameupita," akasema. "Lakini sharti ni lile lile. Hatoki hapa kabla ya wakati."

Wakwe walikuja kumchukua dada kabla ya wakati huo. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu kifo cha mwisho, na kazi za machimboni hazikumpa bwana harusi nafasi ya siku nyingine. Asubuhi ile nilimvuta mama pembeni. Nilikuwa na hoja nzuri.

"Mpe tu. Geita ni mbali, na wametulia hawa, hawaumwi. Nani atajua?"

"Wewe si ndiye uliyeniandikia miezi miwili?"

"Niliandika, lakini…"

"Huko anakokwenda ana majirani?"

"Anao."

"Hawamjui. Yeye ni mgeni kwao. Unataka ajulikane kwa lipi? Kwamba siku aliyofika, kuku wao walianza kufa?"

Hoja yangu ikafia hapo. Dada alilia kidogo, kwa ajili ya kuku na kwa ajili ya mambo mengine ambayo msichana hulilia siku hiyo. Mama akamkabidhi tenga jipya alilomsukia mwenyewe, halina kitu ndani. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti, akaliinua mbele ya watu wote.

"Mkwe, hili mbona tupu? Kwenu huku watu hugawa tenga?"

Nilitamani minyaa inifunike. Mama hakuinamisha kichwa. "Kuku wangu wana ugonjwa," akasema, sauti ya kusikika hadi kwa mjane. "Nikikupa leo, nakupa kifo upeleke kwenu. Tenga limetangulia. Wenyewe watafuata."

Kusema mbele ya wakwe kwamba kwako kuna ugonjwa si jambo dogo. Kisha yule shangazi akaliweka tenga kichwani mwake mwenyewe. "Basi nitalibeba mimi," akasema, "nilitunze lisipate upweke."

Miezi miwili ikapita. Mama akaongeza wa tatu. "Ile miwili ilikuwa ya bwana mifugo," akasema. "Huu ni wangu." Tetea mwenye shingo iliyopinda alitaga, akalalia, akaangua. Vifaranga walipoota manyoya, mama alibakiza wachache wa mbegu, wengine akawapeleka mwenyewe kwa mjane, hakukubali niwabebe.

Barua yangu ilifika wakati huo huo. Nilipangiwa shule ya upande wa ziwani. Nikapanda treni hadi Mwanza, nikavuka maji kwa feri, nikapata lori la kwenda machimboni, suti ya kijivu mwilini na kwenye magoti kikapu chenye tetea na jogoo. Kikapu hicho mama alikifunga mwenyewe, akaniambia nisimfungulie mtu, hasa mtu aliyesoma.

Dada alikuwa anakaa kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, mlango wa mwisho. Alinipokea mzigo kabla hajanisalimia. Alipomfungua tetea na kumwona shingo, alichutama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona anatazama juu?"

"Ndivyo alivyopona."

Akaingia ndani, akatoka na kiganja cha mtama, akautawanya. Jogoo alikula mara moja. Tetea alidonoa, akakosa, akapiga mchanga kando ya punje. Akasogea, akadonoa tena, akakosa. Dada hakumsaidia, wala mimi. Mara ya tatu akaipata.

"Atazoea," dada akasema, akanisogezea kigoda.