Vumbi Nililolihesabu Kama Lori

Mpaka leo nikisikia mtu akigonga bodi ya gari kwa kiganja, pa, pa, moyo hunidunda kwa furaha kwanza, kisha kwa hofu. Zote mbili nilizipata siku moja, nikiwa na miaka tisa, kwenye njia ya mchanga kati ya Lodwar na Kakuma. Nawasimulia ninyi tu, maana mdogo wangu hajui hadi leo kwamba nusura nimwache jangwani.

Ilikuwa miaka ya sabini. Baba, fundi wa visima vya serikali aliyetoka Bungoma, alikuwa amehamishiwa Kakuma, nasi tukahama kwa msafara wa magari matatu. Mbele ilikuwa Landrova aliyoiendesha Baba mwenyewe, ikifuatwa na lori la mabomba la dereva Njoroge. Nyuma kabisa lilikuja lori la Ekiru, Mturkana mpole mwenye sauti nzito. Humo ndimo walimokaa Mama na mdogo wangu wa miezi minne, kwa sababu kiti chake kilikuwa kipana kuliko chetu.

Kabla ya kuondoka Baba alitupanga mstari, Mama na mtoto mgongoni wakiwemo, akatufundisha ishara. Ngumi juu ni simama. Kiganja kikisukuma hewa chini ni punguza mwendo, kuna mashimo au mbuzi. Ukipishana na gari, unainua vidole kumwonyesha dereva ni magari mangapi yanakufuata ndani ya vumbi, asije akayavaa. Ishara uliyopewa na wa mbele, mpe wa nyuma. Na kwenye laga, ile mito mikavu ya mchanga, livuke gari moja moja, aliyevuka amngoje mwenzake ukingoni.

“Msafara huenda kwa mwendo wa gari la nyuma,” alisema. “La mbele likifika peke yake, halijafika.”

Kisha akafanya jambo lililonivimbisha kichwa. Magodoro na masufuria yalimziba asione nyuma, kwa hiyo alinikalisha juu ya magunia, turubai limefunguliwa, niwe macho yake. Nikiona malori yote mawili, nigonge bodi mara mbili aende. Nisipoyaona, nisiguse kitu.

Jamani, raha niliyoipata! Upepo wa moto ulinipiga usoni pamoja na harufu ya dizeli na ngamia, nami nilijiona mkuu wa wilaya. Nilisukuma hewa chini kwa kila mbuzi, hata aliyelala mbali na njia. Njoroge alinijibu kila mara bila kucheka, ingawa mabega yalimtikisika. Wachungaji wakiinua fimbo niliwapigia kelele “Ejok!”, salamu ya Kiturkana, mpaka koo likakauka. Laga ya kwanza tukavuka, ya pili tukavuka, nikagonga, tukaenda.

Laga ya tatu ilikuwa pana sana. Tulivuka, Njoroge akavuka nyuma yetu huku lori likinguruma, na papo hapo mbuni mkubwa akachomoka vichakani akatupita mbio pale tuliposimama, shingo mbele, manyoya yakicheza. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile!

“Wote wapo?” Baba aliuliza kwa sauti.

Mbuni alikuwa anaishia. Nilitupa jicho nyuma mara moja tu, nikaona lori la Njoroge, na nyuma yake vumbi refu likija. Nikagonga pa, pa. Njoroge alipoona tumeondoka, naye akafuata.

Lile vumbi halikuwa la gari. Kilikuwa kimbunga kidogo cha vumbi, kile kinachozunguka mchana kutwa huko Turkana kikijichezea chenyewe. Wahenga wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na siku ile kenge nilikuwa mimi.

Baada ya mwendo kidogo kimbunga kilitoweka, na nyuma ya Njoroge pakabaki peupe. Nilimwinulia Njoroge ngumi na kupiga kelele, “Baba, simama! Lori la Mama silioni. Hata lagani sikuliona!”

Baba alifunga breki. Aligeuza gari.

Tulisikia maji kabla ya kuyaona. Juu yetu mbingu ilikuwa safi, lakini mvua ilikuwa imenyesha kwenye milima ya mbali, na sasa mafuriko mekundu yalishuka yakibeba matawi. Lori la Ekiru lilikuwa limezama mchangani katikati ya laga, maji yamefika mlangoni. Ndani hamkuwa na mtu.

Ng'ambo ya pili walisimama wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani, na katikati yao nikaona leso ya Mama. Baba aliita, maji yakaimeza sauti yake. Basi akainua mkono, vidole vimetanuka, kama anayeuliza. Mama akainua vidole vitatu. Yeye, mtoto, Ekiru!

Baba alikaa chini pale pale. Mimi niliruka, nikapiga vigelegele, nikamkumbatia Njoroge kiunoni.

Kufikia alasiri maji yalikuwa ya magotini. Wachungaji na wale wanawake walilisukuma lori kwa nyimbo mpaka likatoka, na Mama alinibana kifuani hadi nikakosa pumzi. Kisha Ekiru, matope yakimfika shingoni, akauliza, “Nani ilisema gari ya mbele iende? Mimi ilipiga honi, ikaweka mkono juu. Hakuna mtu iliona.”

Nilifungua mdomo.

“Ni mimi, Ekiru,” Baba alisema. “Nisamehe, ndugu yangu.”

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alidanganya ili kuniokoa, nikampenda kwa uongo ule. Nilipokuwa mtu mzima nilipewa kazi ya kuongoza magari ya chanjo kwenye njia hizo hizo. Asubuhi moja, baada ya kuvuka laga, muuguzi kijana aliyeketi nyuma aliniambia kila mtu amevuka. Mguu ulikuwa tayari kwenye mafuta. Sijui kitu gani kilinizuia. Nilizima gari, nikashuka, nikarudi kwa miguu hadi ukingoni nikatazama kwa macho yangu mwenyewe. Walikuwapo wote. Nilisimama pale nikimkumbuka Baba, na machozi yakanitoka, kwa maana ndipo nilipoelewa kwamba hakumdanganya Ekiru hata kidogo. Kiongozi alikuwa yeye, na hakushuka kutazama.