Ukili wa Tatu Kutoka Kibla

Mama Mkubwa Mwanahawa alipiga simu kutoka kisiwa chetu cha Kudhaa siku chache kabla ya mwezi wa Shaabani. Alitusalimu mmoja mmoja, akauliza hata hali ya paka, kisha akatoa alilokuwa nalo. "Mwaka huu sisuki mbili. Macho yamechoka. Rukia ndoo usuke wenyu, au nyumba itolewe."

Kwa asiyejua lugha na desturi ya kwetu, nieleze: ndoo ni njoo, wenyu ni wenu, mchu ni mtu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, wanawake wa Kudhaa hukusanyika kushona mkeka mpya wa msikiti. Kila nyumba huleta ukili wake, yaani mkanda mrefu uliosukwa kwa miyaa, majani makavu ya mkoma. Kili zote huunganishwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ujae kutoka ukuta wa kibla hadi mlangoni. Nafasi haiongezeki. Nyumba isiyoleta ukili huipisha nyingine, na siku hizi wanaorudi kutoka kambi za wakimbizi na Mombasa ni wengi, wanangoja kupishwa.

Nyumba yetu haijakaliwa tangu vita. Mama alitoka humo mimi nikiwa mgongoni, tukakaa kambini miaka, kisha Mombasa. Paa liliporomoka zamani. Lakini kwenye mkeka bado tulikuwapo, kwa sababu Mama Mkubwa alisuka ukili wake na wa mdogo wake, mwaka baada ya mwaka. Ukili lazima usukwe na mtu wa damu, basi baada yake aliyebaki ni Mama, ambaye nyonga hazimruhusu hata kushuka ngazi, na mimi. Baada ya simu ile Mama aliiacha chai yake mpaka ikaota ngozi. "Wakiutoa ukili," akasema, "wametutoa na sisi."

Mimi ni mfumaji. Nafuma sweta na kofia za watoto wachanga pale Kisauni, na wateja husema mkono wangu hauna mfano, nami siwakatizi. Nikajiambia, ukili utanishinda vipi? Nilinunua miyaa sokoni Kongowea, nikaanza hukohuko nyumbani, Mama akinisimamia kutoka kitandani. Upana wake, alisema, ni vidole vinne. Nikapima kwa vidole vyangu. Kila nikipunguza mwendo alinifokea kwamba kwao watoto walikuwa wakisuka upesi kuliko hivyo. Nilipomaliza nikaukunja ukili mzima kama gurudumu, nikautia begini, nikaondoka.

Basi hadi Nairobi, halafu ndege hadi Kismayo. Ndani ya ndege mama mmoja wa Kisomali alinikanyagia begi. "Abaayo, dada, samahani," akasema, akataka kujua mna nini ndani. Nikamwambia mkeka wa msikiti. Akaniachia kiti cha dirishani.

Kismayo nililala kwa jamaa yetu, mtaa wa karibu na bandari. Mkewe, Salma, alinipa mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, kisha akataka kuuona ukili. Aliukunjua kidogo akaupitisha mkononi. "Mpana huu," akasema. Nikamjibu kwamba ndivyo mama yangu alivyoniagiza. "Haye, sawa," akasema, akaniongeza chai. Asubuhi alinipeleka sokoni kununua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, akachagua yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nikishika zile nyembamba.

Boti ya faiba iliondoka na magunia ya unga, sukari, na friji moja iliyofungwa kamba kama mgonjwa. Tulipita kisiwa cha Koyama, tukapita Ngumi, jua likiniunguza mapaja kupitia buibui. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mchache wa maneno. Tulipokwisha kuipita Ngumi ndipo aliponiuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Somoe wa Kudhaa.

"Somoe, ukili wa tatu kutoka kibla," akasema. "Mimi huswali juu yenyu."

Sikutegemea. Mtu nisiyemjua, wala yeye hajamwona mama yangu tangu ujana wake, anaijua nyumba yetu kwa mahali anapoweka paji la uso wake. Nilijifanya ninarekebisha mtandio ili asinione machozi.

Kudhaa tulifika alasiri. Mama Mkubwa alinikumbatia, akanipapasa taya kama anayenunua punda, akanilisha wali na papa. Sijapata kumwona mtu mzima mwepesi vile tangu nizaliwe, ila macho kweli yalikuwa yamechoka, alikuwa akimimina chai kwa kusikiliza. Nikamtolea ukili. Aliushika kwa vidole, pole pole, urefu mzima. Kisha akaguna. "Kesho tumwonyeshe Tima," akasema.

Bi Tima ndiye mshonaji wa mkeka. Jumatatu asubuhi wanawake walikuwa wamejaa barazani kwake, kila mmoja na kitambaa kilichoroweshwa maji na fungu lake la miyaa, wengine wakimalizia, wengine wamekuja kwa maneno tu. Bi Tima alitoa kijiti kilichokatwa kwa kipimo tangu enzi za bibi yake. Kila ukili uliolala chini yake ulilingana nacho. Wangu ulizidi upana wa kidole.

"Kidole hiki," akasema Bi Tima, bila ukali, "ni cha mchu mwingine. Wewe ukizidi, wa mwisho anakaa nje ya mlango."

Nikauliza kama hauwezi kukunjwa ukingo. Wakacheka wote. Ukili haupunguzwi. Ukili hufumuliwa ukasukwa upya, na mkeka ulikuwa ushonwe Alhamisi ili watu wauswalie Ijumaa. Pembeni alikuwa amekaa Amina, mpwa wa Bi Tima, aliyerudi na wanawe kutoka kambini. Ukili wake ulikuwa tayari, umekunjwa, una kipimo sawasawa. Hakuwa na pa kuushona. Sikuhitaji kuelezwa ni nafasi ya nani aliyokuwa akiingoja.

Nikakaa chini nikaanza upya. Miyaa yangu ya Kongowea ilikuwa imekwisha kujikunja na kukatika, hivyo Mama Mkubwa akanipa yake. Kunisukia hakuweza, ila masikio yake yalitosha kunifundisha. Alinikalia karibu, akisikia mwaa unavyolia.

"Unavuta," akasema.

"Nakaza, Mama Mkubwa."

"Unavuta. Hiyo si sufu. Laza, kisha ubane kwa kidole gumba."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wangu usio na mfano haujui kitu. Uzi wa sufu ukiukosea unakusamehe: unavuta, unarudi, unafumua mstari mmoja na hakuna atakayejua. Mwaa ukishavunjika umevunjika. Nilijifunza kuuongeza mwaa mpya kabla wa zamani haujaisha, kuuficha chini ya miwili ili kiungo kisionekane. Nilijifunza kuupiga maji kidogo tu, maana ukilowa sana hunywea ukikauka na upana unapotea. La shida zaidi ni ukingo: lazima uache vitanzi vidogo vilivyo sawa, kwa sababu humo ndimo kamba ya mshonaji hupita. Vyangu vilikuwa kama meno ya mtoto, kimoja hiki, kimoja kile.

Wenzangu hawakuniacha nipumzike. Waliniita Bi Sweta. "Bi Sweta, joto hili unamfumia nani?" Nikawaambia kuna watoto Nairobi wanaoona baridi. Wakasema maskini, wakaulizana Nairobi kuna bahari gani. Nilicheka nao, lakini usiku nililala na vidole vimechanika, nikihesabu urefu niliobakiza.

Jumatano alasiri niliupima. Ulikuwa na kipimo cha kijiti, hilo nililipata, lakini urefu ulikuwa haujafika hata robo tatu ya ukuta. Nilimfikiria Mama kitandani akingoja simu. Nikalia, waziwazi, mbele ya watu wote.

"Lia," akasema Mama Mkubwa, "ila mikono isisimame."

Alhamisi kila mtu alikuja na ukili wake, mimi bado nasuka. Mkeka siku zote huanza kushonwa upande wa kibla, na wetu ni wa tatu. Bi Tima alivaa miwani, akatandika ukili wa kwanza, akanitazama. Amina alikuwa amekaa na wake mapajani. Nilikuwa nikisuka kwa kasi ambayo sikujua ninayo, nikijua haitoshi.

Bi Tima akauinua ule ukili wa kwanza, akaukunja tena. "Leo tutaanza mlangoni," akasema.

Walianza kutoka nyuma kuja mbele, kinyume cha walivyozoea, na kwa kufanya hivyo Bi Tima alinipa mchana mzima. Anayekosa nafasi alikuwa mpwa wake, si wangu. Nilitaka kumshukuru Amina, au kumwomba radhi, sikujua lipi. Yeye akasogea, akachukua kitambaa changu kilichokauka, akakitia maji, akanirudishia. "Suka," akaniambia. "Mimi nimengoja kambini miaka, siwezi kufa kwa mwaka mmoja."

Nilimaliza alasiri imepita, wamebakiza kili nne tu. Bi Tima akaweka kijiti mwanzoni, katikati, mwishoni. Kisha akanikabidhi shazia. Akanionyesha namna ya kuipitisha kamba vitanzini, kimoja huku, kimoja kule, kisha kuivuta yote kwa pamoja mpaka kili mbili zikutane na kamba isionekane. Kuvuta huko ndiko kunakoruhusiwa, nami nilivuta kwa moyo wote. Wa tatu kutoka kibla ukashonwa, kwa mkono wangu. Ukiangalia kwa karibu utaona umekwenda upande kidogo.

Ijumaa wanaume waliubeba mkeka kuingia nao msikitini. Jumamosi nikapanda boti. Mama Mkubwa alinipa fungu la miyaa na papa mkavu, na safari ya kurudi ikawa ndefu kuliko ya kwenda, kwa harufu ya papa yule hakuna aliyetaka kukaa nami, ndegeni wala kwenye basi.

Mombasa niliingia chumbani kwa Mama hata viatu sijavua. Nikamweleza yote: nahodha, kijiti, Bi Tima alivyoanza mlangoni, maneno ya Amina. Alisikiliza akiwa ameshika pindo la shuka. Nilipofika mahali pa kidole kilichozidi, akageukia ukuta.

"Rukia," akasema, "mimi sijapata kuusuka ukili wa msikiti hata mwaka mmoja."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea huku ameuelekea ukuta. Alipokuwa msichana alikuwa hawezi kukaa kitako. Maji ya bahari yakitoka yeye huyo mwambani kuokota kombe, na dada yake akimwonea huruma asije akapigwa, akimsukia. Alipoolewa, ikawa vilevile. Vidole vinne alivisikia tu kwa watu.

"Kwa hiyo Mama Mkubwa hakuanza kusuka mbili wakati wa vita," nikasema.

"Wakati wa vita? Ananibeba tangu hatujabaleghe."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimkumbuka akinifokea kwamba watoto wa kwao walisuka upesi kuliko mimi. Nikatazama vidole vyangu vilivyochanika, nikamtazama yeye mgongo, nikaona mabega yanatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Nami ikanishinda, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Basi nyumba ile," akasema alipopata pumzi, "tangu ijengwe, ukili wake imeutoa yenyewe mwaka huu tu."

Akajivuta, nyonga zikilalamika, akakaa wima kitandani. Akaniambia nilete lile fungu la miyaa na bakuli la maji, na nifunge mlango watu wasione. Nikamwekea miyaa mikononi. Akaanza vibaya, nikaufumua, akaanza tena.