Mafuta ya Ganda la Korosho

Jirani akichoma korosho, ule moshi hunifanya nikunje vidole.

Kwetu Ruangwa, mwalimu aliwachapa viganjani wote waliochelewa. Wanafunzi wakubwa walituambia mafuta ya ganda bichi la korosho hukomaza ngozi, fimbo isiume. Tulijua yanababua. Lakini dada yangu, aliyecheleweshwa kila siku na foleni ya kisimani, alijipaka jioni. Asubuhi viganja vilijaa malengelenge.

Nilikuwa nyuma yake mstarini. Akatoa mkono mmoja.

“Umefanya nini?” mwalimu akauliza. Alikuwa mgeni kule, hakuyajua mafuta hayo.

“Nimeungua, mwalimu.”

Akashusha fimbo. Nikapumua.

“Basi lete mwingine.”

Dada akaufungua taratibu. Nao ulikuwa umebabuka.

Mwalimu akautazama.

“Nyoosha vizuri,” akasema.