Bima Isiyomjua Jirani

Nusu ya mtaa ule ilizaliwa mikononi mwa mkunga mmoja, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Pokea. Alipostaafu alitaka jambo moja tu: kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake, apangishe vyumba, asiwe mzigo kwa mtu. Ukuta kwa ukuta na nyumba hiyo palikuwa na saluni ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walipendana kimawifi: asubuhi utani, mchana kununiana, jioni bakuli la mchuzi linapita dirishani.

Mkandarasi aliyempata alikuwa hodari wa kazi na wa maneno. Kila ukimuuliza kitu, jibu lake lilikuwa, "Ondoa shaka," hata mafundi wake wakamwita hivyo. Mama Pokea hakuwa mtu wa kuondoa shaka kirahisi. Alidai mkataba, na ndani yake kifungu cha wazi: mkandarasi atakata bima ya kazi yote, pamoja na hasara itakayompata jirani.

"Bima tayari?" alimuuliza siku kokoto ziliposhushwa.

"Ondoa shaka, mama. Imekatwa."

Kuta zilipoanza kupanda, jukwaa la mbao la kusimamia mafundi, ambalo halikufungwa sawasawa, lilipigwa na upepo likaangukia paa la saluni. Mteja mmoja alitoka mbio na povu kichwani, akipiga mayowe. Hakuumia mtu, lakini paa lilibonyea kama sufuria la zamani, na vioo vyote vikawa vumbi.

"Ghorofa lako limenishukia kabla halijapanda," wifi alisema.

"Pole, wifi yangu. Kuna bima, watalipa."

Huko kwenye kampuni ya bima, karani alimsikiliza Mama Pokea kwa upole, ndipo akamkata maini. "Bima ipo, mama, lakini ni ya wafanyakazi wake na mashine zake. Jirani hayumo. Hata wewe humo."

Alitoka pale hadi kwa mkandarasi, hakupitia nyumbani.

"Mkataba ulisema nikate bima, nimekata," Ondoa Shaka alijitetea. "Bima ni bima, mama."

"Bima ni bima? Basi na mwavuli ni paa! Kalale chini yake na wanao!"

"Mbona hukuniomba nikuonyeshe?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Alikuwa ameuliza, akajibiwa, akaridhika.

Ikawa nenda rudi. Leo simu haipokelewi, kesho mkandarasi yuko safarini. Wakati huohuo wifi alihamishia saluni sebuleni kwa Mama Pokea. Nywele zilijaa kwenye makochi, harufu ya dawa ikaingia mpaka kwenye chai, na wateja wakawa wanasimuliwa kisa chote, mwenye nyumba akiwa papo hapo anasikia.

"Si uniambie mimi mwenyewe, wifi?"

"Wewe nimeshakuambia. Hawa ndio hawajui."

Hatimaye shauri lilifika kwa msuluhishi, mama mmoja mhandisi asiyependa maneno mengi.

"Kukata bima ya jirani kulikuwa wajibu wa nani?"

"Wangu," mkandarasi alikiri, "lakini huyu mama hakudai kuiona."

"Kutodai kwake hakufuti ahadi yako. Ambacho bima ingelipa, utalipa wewe."

Mama Pokea alirudi nyumbani kichwa juu. Lakini kushinda shauri ni jambo moja, kukipata ulichoshindia ni jingine. Ondoa Shaka alisema mfuko umetoboka, atalipa kwa kazi. Alikuja alipojisikia, akaweka bati mbili, akatoweka, akarudi na visingizio vipya. Paa lilikamilika mvua zikiwa zimekwisha kunyesha. Vioo havikuja kabisa. Juu ya nyumba ya mkunga, nondo zilibaki zimechomoza, zikishika kutu, maana fundi mwingine hakutaka kuigusa kazi ya mwenzake.

Wifi alirudisha viti vyake saluni bila kuaga. Mama Pokea alimfuata, akamkuta anamsuka mteja aliyejishikia kioo cha mkononi.

"Wifi, lakini tumeshinda," alisema, akiwa bado mlangoni.

"Ushindi nimeusikia," wifi alijibu bila kugeuka. "Sogea kidogo basi, unanizibia mwanga."

Akasogea. Hasira zilimjaa, wala hakujua amtemee nani.