Kisiki cha Mpakani

Nakumbuka asubuhi ile trekta ilipoingia shambani kwetu hapa Elementaita, nami nikiitangulia kwa maringo kama bibi harusi. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Baba yako alikuwa akifanya kazi Nakuru mjini, na shamba lilikuwa mikononi mwangu. Humo shambani, kutoka katikati hadi mpakani, ilisimama migunga sita. Nikaikata yote. Halafu, mwanangu, nikaamuru vibarua wang'oe hata visiki, maana dereva alisema vitamvunjia jembe.

Mama mkwe wangu, shosho yako usiyemkumbuka vizuri, alikuja na kigoda chake mkononi. Chini ya mgunga mkubwa ndipo alipozoea kuketi akichambua maharagwe.

"Umekata, sawa," akasema. "Lakini visiki viache. Viko hai."

"Mama, hizo ni mambo za kitambo," nikamjibu.

Akanyamaza. Nami nikadhani nimeshinda. Ujinga wa ujana huo!

Mwaka wa kwanza mahindi yalikuja vizuri, sikudanganyi. Baadaye udongo ukaanza kutuhama. Upepo wa Januari ulitutilia vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mvua ikinyesha, maji yalikimbia moja kwa moja hadi barabarani. Mahindi yakawa yanakauka kabla ya kubeba. Miaka ikapita hivyo, tukila chakula cha kununua, sisi wenye shamba.

Lakini si njaa ninayoikumbuka zaidi. Ni kile kigoda. Asubuhi shosho yako alikiweka kando ya jikoni, saa sita akakihamishia ukutani, alasiri akaketi nyuma ya choo, akifuata kivuli kinavyohama. Mzee kama yule, na sinia la maharagwe mapajani, nyuma ya choo! Hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, "Jua la siku hizi halina adabu," tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa aibu.

Kila jioni alichukua mkongojo wake akaelekea mpakani. Nilidhani anaenda kwa jirani kunisengenya.

Wiki moja baada ya kumzika shosho yako, mbuzi alinitoroka akakimbilia huko. Nikamfuata, nikakuta duara la miiba iliyofungwa kwa vipande vya leso yake ya zamani. Ndani palikuwa na kisiki ambacho wale vibarua walikiacha nusu, nacho kilikuwa kimechipua. Machipukizi mengine alikuwa ameyapogoa, akaacha moja tu lililonyooka, limenifikia kiunoni. Niliketi chini nikalia mpaka mbuzi akarudi nyumbani peke yake.

Huo ndio mgunga mkubwa unaoujua. Ile mingine niliilea mwenyewe: kila mzizi uliochipua niliuzungushia miiba, na baada ya mavuno nikazuia mbuzi wa majirani wasiingie, ingawa desturi yetu ni kuwaachia. Walininunia sana. Leo chini ya miti hiyo udongo ni mweusi na maharagwe yanastahimili jua.

Sasa jana umenipigia simu kwamba unarudi kulima, umepata mtu wa trekta, na unataka miti "itolewe kidogo." Kidogo! Nilikata simu, mwanangu, na si kwa hasira. Nilimwona shosho yako nyuma ya choo.

Nisikilize basi. Punguza matawi, upate kuni na mahindi yapate mwanga. Kisiki usikiguse. Chipukizi lizungushie miiba kabla mbuzi hajaliona. Trekta itazunguka, dereva apende asipende. Na mzee akikwambia neno moja kisha akanyamaza, mfuate jioni uone anakokwenda. Mimi sikumfuata.

Kigoda bado ninacho. Kila alasiri nakipeleka hadi kwenye ule mgunga, nakiweka, nami naketi chini kando yake. Ningetoa chochote nimwone amekikalia japo mara moja.

Njoo nyumbani. Mungu aibariki mikono yako, akupe mvua kwa wakati wake, na ukizeeka, asikuache ukitafuta kivuli nyuma ya choo.