Zamu ya Kerezo

Katika kiwanda cha dobi ninakofanya kazi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi. Tulikuwa kumi na wanne wa kwetu, na sote tuliingia kwa mlango mmoja, yaani Shemeji. Shemeji alitangulia kuja nchi hii, akapata kazi ya kusukuma matoroli ya shuka za hospitali. Akamleta mdogo wake, mdogo wake akamleta mkewe, mkewe akanileta mimi. Tunamwita Shemeji hata sisi ambao hajawahi kuoa kwetu wala hana mpango huo.

Fundi aliingia kwa mlango huohuo, ila yeye alikuwa na haki kamili ya kumwita hivyo, maana mkewe ni dada wa Shemeji, tumbo moja. Nyumbani alikuwa mkereza vyuma katika karakana ya reli kwa miaka kumi na tisa. Kerezo, kwa asiyeijua, ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikinyoa mpaka kifikie kipimo unachotaka. Kisu kikizidi unene wa unywele, kipande kimeharibika. Alipofika hapa Shemeji alimwambia, "Anza na shuka, shemeji yangu, miezi sita tu, halafu tutaona." Miaka kumi na moja baadaye alikuwa bado anakunja shuka, na sisi bado tulikuwa tukimwita Fundi. Kwa mtu anayekunja shuka jina hilo lilikuwa karibu na utani, lakini alikuwa akiitika.

Simlaumu Shemeji. Alitoa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni dobi. Ndugu zetu wote walijua dobi, na rafiki zetu ndio haohao ndugu zetu, kwa hiyo ukiuliza kazi unaelekezwa dobi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, tulisema, tukaendelea kukunja.

Tulikuwa na utaratibu mmoja, na naueleza kwa sababu ndio uliotuponza. Kila Jumapili alasiri tulikutana sebuleni kwa Shemeji, wakubwa kwenye viti, waliobaki sakafuni. Mtu akisikia habari ya kazi popote, haitafuni peke yake. Anaileta mezani, na anapewa mwenye zamu. Zamu zilianza baada ya dada wawili kugombania kazi ya kusafisha ofisi mpaka wakaacha kusalimiana. Tangu hapo ugomvi uliisha, na watu walikula. Kasoro ya zamu ni kwamba haiulizi unajua nini.

Dereva wa gari la shuka si wa kwetu. Anatoka nchi nyingine kabisa, na kwa miaka minne yeye na Fundi walikuwa wakisalimiana kwa lugha ya hapa, ambayo wote wawili wanaivunjavunja. Siku moja pini ya bawaba ya mlango wa nyuma wa gari ilikatika. Fundi aliiokota, akaigeuzageuza, akachora nyingine nyuma ya karatasi ya kupokelea shuka. Aliweka urefu, unene, mteremko wa ncha, kila kitu na namba yake. Akamwambia Dereva aipeleke karakana yoyote yenye kerezo. Siku ya pili Dereva alirudi na pini mpya na ujumbe.

"Mwenye karakana anauliza nani kachora," alisema. "Mtu wake wa kerezo anastaafu. Anasema aliyechora hivi aende Jumatatu."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza ya kukunjia. Fundi aliiacha shuka katikati. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na macho ya kusoma kipimo yana muda wake. Aliwahi kuniambia kwamba muda huo ukishapita, hata apewe kerezo ya dhahabu haitamfaa. Kwa hiyo nilijua anawaza nini. Kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka katika nchi hii.

Jumapili akaileta mezani.

Ndiyo, mtu anataka kitu namna hiyo, halafu anakiweka mbele ya watu kumi na watatu. Alikuwa amekula kwenye meza ile miaka kumi na moja, na hakuona njia nyingine ya kuwa muungwana. Nadhani alitegemea tungesema, hii ni yako. Shemeji alivaa miwani, akafungua daftari la zamu.

"Zamu ni ya Magodoro," akasema.

Magodoro tulimwita hivyo kwa kuwa nyumbani alikuwa akiuza magodoro. Alikuwa na watoto watatu, na tangu dobi impunguze alikuwa na mwezi wa saba bila kazi. Nani angemkatalia? Mke wa Fundi peke yake ndiye aliyefungua mdomo.

"Kaka, hiyo ni kazi ya chuma. Huyu anajua sponji."

"Dada yangu, zamu ni zamu," Shemeji alijibu. "Tukianza kuchagua watu, kesho tutatoana macho."

Mkewe alimgeukia Fundi. Fundi alikuwa akitazama mikono yake. "Nitamfundisha," akasema. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikanywa chai.

Alimfundisha kerezo kwa karoti. Walikaa jikoni kwa Shemeji, Fundi akiizungusha karoti taratibu, Magodoro akiwa ameshika kisu cha mboga, na sisi tumesimama mlangoni tunacheka. "Usisukume," Fundi alikuwa akimwambia. "Kiache chuma kije kwako." Magodoro alikuwa akisukuma. Jua lilipozama karoti zote zilikuwa zimekwisha, na Magodoro alijua majina ya vifaa vyote, na hakuna hata kimoja alichowahi kukigusa.

Kesho yake mwenye karakana hakumpeleka hata karibu na mashine. Alimpa karatasi na penseli, akamwambia achore ile pini. Magodoro alichora kitu ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, kilifanana na mswaki. Hakutuficha, si mtu wa uongo. "Akaniuliza, aliyechora ile yuko wapi? Nikamwambia yuko kazini, anakunja shuka. Akanitazama kama nimemtukana." Kufikia Alhamisi, kabla hatujakutana tena kwa Shemeji, karakana ilikuwa imepata mtu mwingine.

Nilidhani Fundi angekasirika. Alimpa Magodoro pole, akamuulizia watoto. Magodoro alionewa huruma, akarudishiwa zamu, na baada ya wiki tatu akapata kazi ya kupakia mizigo inayomfaa. Fundi alikunja shuka kama kawaida, ila aliacha kuitika. Ukimwita Fundi anaendelea na kazi yake mpaka umwite kwa jina alilopewa na mama yake. Niliona aibu, lakini aibu ya watu kumi na watatu ukiigawa, kila mmoja anapata kidogo tu.

Miezi mitano ikapita. Yule mtu mpya wa kerezo kule karakana akaacha kazi, sijui kwa nini. Ninachojua ni kwamba siku moja, nikiwa nasukuma toroli nje, nilimwona Dereva amemvuta Fundi nyuma ya gari, wananong'ona. Jumapili ile Fundi alikuja kikaoni, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akanywa chai. Shemeji aliuliza kama anavyouliza siku zote, kuna habari yoyote ya kazi?

"Hakuna," tukasema, na Fundi akasema pamoja nasi.

Jumatatu hakuja. Shuka za hospitali zinakunjwa na watu wawili, kwa hiyo nilisimama pale nimeshika ncha zangu mbili, mpaka msimamizi akaniletea mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko sote. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mashine, na hakuzificha. Alingoja tukae. "Nimepata kazi karakana," akasema. "Nimeanza Jumatatu."

Hakuna aliyempongeza. Shemeji alivua miwani.

"Shemeji yangu. Jumapili iliyopita ulikaa hapohapo. Nikauliza, ukasema hakuna."

"Nilisema."

"Sisi ni watu wako. Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia," Fundi alisema, bila kupandisha sauti, "mngempa nani?"

Shemeji alifungua daftari kwa mazoea tu, akalifunga bila kusoma. Hapakuwa na haja, kila mtu pale sebuleni alijua. Zamu ilikuwa yangu. Kerezo sijaigusa maishani mwangu, hata ya karoti. Lakini nilikuwa nimezichoka shuka, na najijua: wangenipa, ningekwenda.